Kashata hajarudi Njombe: simbilisi wetu amekufa, na safari hii tumemuaga

Fundi wa Mtanda (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa kwenye kiti changu cha cherehani hapa Mtanda, Lindi mjini, mashine nimeifunika tangu jana. Simbilisi wetu (guinea pig) aliyeitwa Kashata amekufa jana Alhamisi saa 11 na nusu jioni, akiwa mapajani kwangu. Leo alfajiri tumemzika. Amekaa nasi miaka 5 kasoro mwezi mmoja, na wiki 7 za mwisho nimemuuguza. Uzi ni mrefu. Kuna jambo nililifanya vibaya mwaka 2021, safari hii nimejaribu kulifanya vizuri, na nataka liwe limeandikwa mahali.

Huku Kusini simbilisi hajulikani sana. Wateja wangu walimwita panya buku, wengine pimbi, mmoja alimwita sungura aliyekatwa masikio. Binti yangu alikuwa na jibu lake: "Panya gani hana mkia?" Kisha anamgeuza mgeni akamhesabie vidole, 4 kila mguu wa mbele, 3 kila mguu wa nyuma. Asili yao ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, lakini kwa hapa Tanzania wamezoeleka Njombe, Iringa na Mbeya. Mdogo wangu alikuwa anafanya kazi Njombe, na Septemba 2020 alipokuja likizo alituletea madume wawili kwenye boksi alilolitoboa matundu. Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, Mnazi Mmoja, Lindi. Walifika wazima, wamelitafuna boksi upande mmoja. Mmoja alikuwa wa kahawia mwenye madoa meupe kama kashata ya nazi. Mwingine mwekundu mtupu, tukamwita Njugu.

Kashata alikuwa na filimbi. Mashine ikilia yeye kimya, amelala bandani chini ya meza ya kukatia. Nikisimamisha mashine tu, anaanza, fiii, fiii, fiii, maana alishajua nikisimama naenda jikoni na jikoni kuna pilipili hoho. Wateja waliokuja kupimwa walikuwa wanashtuka. Akifurahi aliruka juu papo hapo, akageuka hewani, akatua anatazama upande mwingine. Joto la Novemba na Desemba lilimwonea sana, hawa ni wanyama wa baridi, ikabidi tumwekee chupa ya maji yaliyoganda tumeizungushia kitambaa, naye anailalia ubavu mchana kutwa.

Sasa niseme la Njugu.

Januari 2021, msimu wa sare za shule, Njugu alitoka uvimbe shingoni, mkubwa kama korosho. Nilikuwa na oda ya sketi na mashati hadi juu ya kabati. Nikaenda duka la dawa, nikaeleza harakaharaka, nikapewa amoksilini ya maji ya watoto. Siku ya pili akaanza kuharisha. Siku ya tatu usiku nikamkuta amelala ubavu, wa baridi. Binti yangu alikuwa na miaka 4, amelala. Nilimtia Njugu kwenye mfuko wa mabaki ya vitambaa, nikamtupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, nikanawa mikono, nikarudi kushona. Asubuhi mtoto alipouliza, nikamwambia Njugu amerudi Njombe.

Aliamini. Mdogo wangu akipiga simu, mtoto anaomba kuongea na Njugu. Mdogo wangu alikuwa anapiga mluzi kwenye simu, na mtoto anamhadithia Njugu habari za siku nzima. Mimi nakaa pembeni natia uzi kwenye sindano.

Sijui aliacha lini kuamini. Ninachojua ni kwamba mwezi uliopita, tukiwa tunamlisha Kashata kwa bomba la sindano, alinitazama akaniuliza: "Mama, Kashata naye akirudi Njombe, utaniambia kabla?"

Nashusha ya ugonjwa kwenye posti inayofuata.

Fundi wa Mtanda

Ilianza kwa kuchagua chakula. Anaukimbilia ukoka, anautia mdomoni, anatafuna mara mbili, anautema. Hoho anakula, maganda ya mahindi anaacha. Baada ya siku chache kidevu kikawa kimelowa mate na manyoya ya shingo yamegandana. Mimi nilidhani ni joto, na Julai yenyewe haikuwa na joto la kumtesa.

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, akamtazama mdomoni kwa kile kifaa cha kutazamia masikio. Akanieleza kwamba simbilisi ana meno 20 na yote hayaachi kuota maisha yake yote. Majani makavu ndiyo yanayoyasaga yasirefuke. Magego ya chini ya Kashata yalikuwa yamerefuka na kuinamia ndani, yakakutana juu ya ulimi kama daraja. Ulimi uko chini, umefungwa. Njaa anayo, chakula anakiona, kukisukuma nyuma hawezi.

Kuyapunguza kunataka dawa ya usingizi na vyombo vidogo vya meno, na hivyo hakuwa navyo. Aliitaja hospitali ya wanyama iliyoko SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 600, ndani ya basi, na mnyama anayelishwa kila baada ya saa 3. Na hata yakipunguzwa yangeota tena, wiki chache turudi. Nauli ningeipata. Nililolikosa ni uhakika kwamba ningefika naye akiwa hai, na nikalala siku mbili nalipima hilo peke yangu. Nikaamua abaki nyumbani.

Basi nikawa namlisha. Chakula cha sungura cha punje nakiloweka kwa maji ya uvuguvugu, nakiponda, nakichuja kwa neti ya shela iliyobaki kwenye kazi ya bibi harusi. Mililita 10 kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, ukiharakisha chakula kinaingia njia ya hewa. Saa 9 usiku nilikuwa naamka. Tumbo la simbilisi halitakiwi kusimama kabisa, likikaa tupu nusu siku linaanza kujaa gesi na hapo unampoteza haraka. Ndiyo maana anatafuna mchana na usiku.

Kila Ijumaa tulimpima kwa jirani mwenye duka, kwenye mizani yake ya kupimia sukari. Tunatandika gazeti, tunamweka kwenye bakuli. Mzee wa watu hakuwahi kukunja uso, alikuwa anaifuta mizani kwa spiriti na kuniuliza: "Mgonjwa anaendeleaje?" Aliuliza kama unavyouliza mgonjwa wa kweli, sitamsahau. Binti anaandika kwenye daftari. Gramu 1,080. Gramu 960. Gramu 890. Ijumaa ya wiki iliyopita, 640.

Jumanne hii akaanza kulisukuma bomba kwa miguu ya mbele. Halumi, anasukuma tu. Nikampigia daktari. Akasema kama nimeridhia atakuja kumchoma sindano ya kumpumzisha, asife kwa njaa siku tatu nyingine. Nikamwambia aje Alhamisi, maana nilihitaji Jumatano.

Jumatano baada ya chakula cha usiku nilimwita mtoto. Nilimwambia: "Kashata hatapona. Kesho daktari atakuja kumchoma sindano, na atakufa." Nilisema atakufa. Sikusema atalala, kwa sababu huyu mtoto analala kila siku na sikutaka aanze kukiogopa kitanda. Kisha nikamwambia ya Njugu. Dawa, mfuko, shimo, yote. Alinyamaza muda mrefu akiwa anachezea uzi wa kiti. Halafu akauliza:

"Vitambaa vilikuwa vya rangi gani?"

"Bluu. Vya sketi za shule."

Akasema, "Sawa." Akaenda kukaa na Kashata. Usiku ule alilala sakafuni karibu na banda na sikumkataza.

Jana mchana kabla ya kwenda madrasa alikata hoho, akampaka maji yake kwenye mdomo, naye akayalamba. Aliweka paji lake la uso kwenye kichwa cha Kashata. Akamwambia kitu ambacho sikukisikia na sijamuuliza. Nilimpa uchaguzi wa kubaki au kwenda, akachagua kwenda, ila nimsubiri kuzika.

Sindano zilikuwa mbili. Ya kwanza ya usingizi. Kichwa chake kikawa kizito kiganjani mwangu, na kwa mara ya kwanza katika wiki 7 niliona taya lake limelegea, halitafuti kitu. Nilimwita jina lake. Nikamwambia ahsante kwa kukaa nami kwenye hizi sare zote. Ya pili nikafumba macho. Daktari akaweka kifaa chake kifuani pa Kashata, akasubiri, akasubiri tena, akaniambia: "Tayari, mama."

Mama wa Mikindani

Pole sana mdogo wangu. Nimesoma hadi mwisho na machozi yananitoka hapa dukani. Mtoto alimpokeaje maiti aliporudi?

Mwana Njombe

Dada, pole. Nitasema kitu, usikipokee vibaya. Kwetu tumekua nao jikoni, wanakimbizana mvunguni na karibu na mafiga, wanakula maganda ya viazi na majani ya mahindi, wakiongezeka mgeni akija unachinja. Bibi yangu aliwafuga maisha yake yote. Hakuwapa majina, lakini alimjua kila mmoja, huyu mama wa yule, huyu mkorofi. Kwa hiyo niliposoma kichwa cha uzi nilitaka kuuliza kwa nini hukumchinja mapema asiteseke. Nimefika kwenye ile filimbi nikamkumbuka bibi. Walikuwa wanampigia hivyohivyo akishika kapu la majani. Siku tuliyomzika yeye, waliendelea kupiga filimbi jikoni kila mtu aliyeingia, na hakuna aliyekumbuka kuwapa majani hadi jioni.

Fundi wa Mtanda

Mwana Njombe, sijakipokea vibaya hata kidogo. Kwenu ni kitoweo na kwangu aliingia kama mwenza wa kazi, kila nyumba na jinsi mnyama alivyoingia. Nimelisoma hilo la bibi yako mara mbili. Ahsante kwa kuliandika.

Mama wa Mikindani, nakuja.

Bwana Mifugo, Nachingwea

Nafanya kazi hii miaka kadhaa, niruhusu niongeze kwa faida ya wanaosoma. Mleta uzi, pole, na hongera kwa kumlisha wiki 7, wengi huchoka siku ya tatu.

Kuhusu amoksilini. Simbilisi na sungura wasipewe kwa mdomo dawa za jamii ya penisilini, amoksilini na ampisilini zikiwemo. Chakula chao kinachachuliwa na bakteria wazuri walioko kwenye utumbo. Dawa hizi zinawaua hao wazuri, na wale wabaya wanaotoa sumu wanapata nafasi ya kuzaliana. Mnyama anaharisha na anakufa ndani ya siku chache. Zipo dawa nyingine wanazozivumilia, lakini muulize daktari wa mifugo, usiulize duka la dawa za binadamu. Na ule uvimbe wa shingo mara nyingi ni jipu la bakteria, lilihitaji kupasuliwa na kusafishwa. Hata bila amoksilini angeweza kufa. Sikwambii hivyo ili kukubembeleza, ndivyo ugonjwa ule ulivyo.

La pili ni vitamini C. Simbilisi hawezi kuitengeneza mwilini mwake, sawa na binadamu. Mwaka 1907 huko Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu wakaona wamepata kiseyeye, ugonjwa uliokuwa unawaua mabaharia, na kwa mnyama huyu njia ikafunguka ya kujua ugonjwa ule unatokana na upungufu wa chakula. Mkubwa wa kilo moja anahitaji miligramu 10 hadi 30 kila siku. Akikosa, viungo vinavimba, manyoya yanasimama, fizi zinatoka damu, hataki kutembea. Hoho inatosha kabisa. Na sisi wa Kusini tuna mabibo msimu wa korosho, yana vitamini C nyingi kuliko machungwa, ila kwa sababu ya sukari mpe kipande kidogo tu.

Majani ya muhogo mabichi msiwape, yana sumu. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo vilevile. Parachichi hapana.

Fundi wa Mtanda

Bwana Mifugo, nashukuru. Nimeisoma hiyo sehemu ya uvimbe nikakaa kimya kidogo. Nimeipokea. Lakini hata kama dawa haikumuua, mfuko wa taka ulikuwa mkono wangu, na lile la Njombe lilitoka mdomoni mwangu.

Hakuyafikia mabibo ya mwaka huu. Kila mwaka alikuwa wa kwanza kulionja katika nyumba hii.

Mama wa Mikindani, sasa nikujibu. Alirudi saa 12 kasorobo. Nilikuwa nimemlaza Kashata juu ya meza ya kukatia, kwenye kikapu. Hakulia mara moja. Alimshika masikio, akasema, "Bado ni laini." Akaniomba mkasi mkubwa, ule nisioruhusu mtu kuugusa, nikampa. Akaenda kuchukua kanga yangu ya zamani akakata pembe isiyo na maandishi. Alisema hataki Kashata alale na maneno ya mtu mwingine.

Giza lilikuwa linaingia, tukaona tuzike alfajiri. Nilichimba chini ya mpera, urefu wa kutoka ardhini hadi juu ya goti langu, maana hapa kuna mbwa na nguchiro, na shimo fupi wanalifukua usiku wa kwanza. Mpera kwa sababu majani yake alikuwa anayapenda. Mtoto akatia udongo kwa mikono. Akauliza kama tusome kitu. Nilishindwa kumjibu, sikutaka kumdanganya tena hata kwa jambo dogo, nikamwambia nitamuuliza ustadhi wake.

Nilidhani ustadhi atanishangaa. Leo baada ya swala ya Ijumaa alikuja mwenyewe hadi hapa kibarazani. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akamuuliza: "Kashata amefanya nini?" Mtoto akamwambia amekufa. Ustadhi akamwambia ile habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo wa Madina, nduguye Anas, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume (SAW) alipomkuta mtoto ana huzuni alimwita kwa jina lake, akamuuliza: ewe Abu Umayr, kimefanya nini kile kindege? Ustadhi akasema mnyama haswaliwi, lakini mtoto mwenye huzuni anaulizwa habari za mnyama wake. Hapo ndipo binti yangu alipolia. Alilia vizuri, kwa sauti, na ustadhi akakaa naye hadi akamaliza.

Mama wa Mikindani

Allah amlipe ustadhi huyo kheri. Mimi kasuku wangu alipokufa niliambiwa nisiwe mtoto.

Mtu wa Masasi

Pole sana dada. Na mimi ninao wawili, nimewapata mwaka jana, wanangu wanawapenda hatari. Baada ya kusoma uzi huu nimetoka na tochi kwenda kuwaangalia mdomoni, wameng'ang'ana, sijaona kitu. Mtu atajuaje mapema? Na je, unadhani mtachukua mwingine? Nauliza kwa sababu wanazaa, nikipata watoto naweza kukuletea.

Fundi wa Mtanda

Ndugu wa Masasi, magego yako ndani sana, kwa tochi hutayaona. Mpime. Simbilisi anaficha ugonjwa, porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa, kwa hiyo ukimwona mgonjwa ujue ameugua siku nyingi. Mizani ndiyo inayokuambia kabla yake. Mara moja kwa wiki, siku ileile, andika. Akipungua gramu 50 fuatilia, akipungua 100 mwite daktari. Mimi nilianza kupima baada ya mate kuonekana, na ndiyo sababu nakuambia uanze wakiwa wazima. Majani makavu wasiyakose hata siku moja. Na kwa huko kwenu, wakati huu mikorosho inapulizwa salfa, usiwakatie majani chini ya mikorosho, nenda mbali kidogo hata kama ni usumbufu.

Wawili ni vizuri, usije ukawatenganisha. Kashata baada ya Njugu alibaki peke yake miaka yote hii, na mimi na mashine ndio tukawa wenzake. Kama ningejua zamani ningemtafutia mwenza.

Kuhusu kuchukua mwingine, nashukuru kwa moyo wako. Nimemuuliza binti yangu sasa hivi kabla ya kukujibu, akasema, "Bado." Banda tumeliosha, liko juani. Mfuko wa chakula cha sungura haujafika nusu na bomba za sindano ziko 6 mpya, nitamkabidhi kondakta wa basi la Masasi Jumatatu ukapokee stendi, nitumie ujumbe wa faragha tuelewane.

Daftari ameniambia nisiligawe. Jioni hii amelifungua kama kila Ijumaa, ameandika tarehe ya leo kwa mwandiko wake mzuri, na mbele ya tarehe ameacha wazi.